Kuizunguka Volkano Iliyobaki Vipande: Ziwa na Milima Kutoka Karungu

Ukishuka kwenye matatu pale Sori, soko kuu la Karungu, usikimbilie ufukweni kwanza. Simama penye nafasi, Ziwa Victoria likiwa mkono wako wa kushoto, utazame kaskazini. Vile vilima vinavyopanda kimoja nyuma ya kingine hadi kufunga upeo ni milima ya Gwassi, na kilele chake kirefu kimeupita uso wa ziwa kwa zaidi ya mita 1,000. Nyuma yake, upande wa Mbita, ipo milima ya Gembe. Mbele zaidi, ndani ya maji, vipo visiwa vya Rusinga na Mfangano. Katika ramani vyote vina majina mbalimbali na viko chini ya wadi mbalimbali, lakini zamani vilikuwa mlima mmoja: volkano ya Kisingiri, ambayo takriban miaka milioni 18 iliyopita ilikuwa bado ikitema majivu na lava.

Jambo hilo ulishike kabla hujapanga lolote, maana ndilo linaloamua kama safari yako itakufaidi. Anayekuja huku akitafuta kilele kimoja chenye umbo la pia, kama Longonot, hurudi nyumbani akilalamika kwamba hakuona volkano. Hakuiona kwa sababu alikuwa ndani yake siku zote. Wenye uwezo hupanda ndege hadi kusini mwa Chile, wakaone Osorno ikisimama na theluji yake juu ya Ziwa Llanquihue, au Villarrica inayofuka moshi hadi leo. Kunapendeza, na anayeweza aende. Lakini milima ile bado ni michanga, imejifunika. Huu wa kwetu umekatwa na mvua ya mamilioni ya miaka hadi moyo wake ukawa wazi, na unaweza kuufikia kwa miguu, ukaweka kiganja juu yake. Kwa hiyo panga safari ya kuuzunguka, kuanzia unyayo wa kusini hapa Karungu, upite katikati, umalizie visiwani.

Njia ya kufika ni rahisi. Mabasi ya Nairobi hadi Migori husafiri usiku na mchana kupitia Kisii na Rongo, na Migori kuna matatu na probox za kwenda Sori. Ukiwa na gari lako, tenga nusu siku upitie Thimlich Ohinga kabla hujafika ziwani. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na yamesimama kwa takriban miaka 500. UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zina unene wa mita moja hivi, na kimo chake ni kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu. Milango ni mifupi kwa makusudi: anayeingia lazima ainame, na adui aliyeinama ni rahisi kumdhibiti. Maboma manne makubwa yana majina yake, Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Mlinzi wa Makumbusho ya Taifa atakutembeza. Mpe muda wako, usimharakishe.

Majira bora ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza udongo mweusi wa huku kuwa ulimbo, na Mto Kuja huwa unafurika upande wa Kadem. Barabara ya kandokando ya ziwa kutoka Sori kupitia Magunga na Sindo hadi Mbita imekuwa ikitengenezwa kwa miaka mingi, kipande kwa kipande. Waulize madereva wa siku hiyohiyo hali ikoje, maana habari ya mwezi uliopita haifai. Beba fedha taslimu za kutosha hata kama una M-Pesa. Malaria ni nyingi kando ya ziwa, basi lala ndani ya chandarua na uzungumze na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka. Usiogelee wala usikanyage maji ya pembeni yenye magugu, kwa sababu ya kichocho, na pia kwa sababu ya kiboko na mamba.

Sasa Karungu yenyewe. Watu wengi huipita kama kituo cha samaki tu, na hapo ndipo wanapokosea. Nyuma ya mashamba, mita chache kutoka njia za ng'ombe, kuna makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, yenye kuta za rangi ya kijivu, kijani hafifu na wekundu wa matofali. Hayo ni matabaka ya matope na majivu yaliyotua chini ya mlima enzi zile. Mwaka 1909 mtafuta dhahabu mmoja aliona mifupa iliyogeuka mawe ikichomoza humu. Ofisa wa serikali ya kikoloni, D. B. Pigott, alikuja kuikusanya; baadaye akauawa na mamba ziwani, lakini mifupa aliyoikusanya ilifika London. Mwaka 1911 mtaalamu C. W. Andrews alitambua humo mnyama wa jamii ya tembo ambaye pembe zake ziliota kwenye taya la chini zikapinda kuelekea ardhini. Akamwita Deinotherium hobleyi, kwa heshima ya C. W. Hobley, ofisa mwingine wa Nyanza. Mwishoni mwa mwaka huohuo alitumwa mwanajiolojia Felix Oswald, naye akapiga kambi Karungu wakati ugonjwa wa malale ukiwa umehamisha watu wengi kutoka mwambao. Kitabu chake cha safari hiyo kilichapishwa mwaka 1915.

Basi visukuku vya Karungu ni miongoni mwa vya kwanza vya zama zile kujulikana na wanasayansi Afrika Mashariki, miongo kadhaa kabla ya Olduvai kupata umaarufu. Inaniuma kwamba mtoto anaweza kumaliza shule umbali wa kilomita mbili kutoka Kachuku au Ngira, mahali ambapo mifupa hiyo ilitoka, bila mtu kumwambia. Ukiwa na watoto, waanzishe hapa.

Namna ya kutembelea makorongo hayo ni hii. Kwanza, nenda kwa chifu au naibu wake, useme unataka kuona mawe, na uombe kijana mwenyeji wa kukuongoza. Patana naye malipo kabla ya kuondoka. Ardhi ile ni mashamba ya watu, si hifadhi. Ukikutana na mzee, msalimu kwanza: asubuhi sema "oyaore, jaduong'", jioni "oimore", na kina mama waite mama. Ukishasalimu kwa Kijaluo, hata kwa matamshi mabovu, mengine yote yataendelea kwa Kiswahili bila shida. Pili, nenda asubuhi na mapema au saa kumi jioni. Jua likiwa la pembeni, kila kivuli kidogo hujitokeza. Saa sita mchana utaona vumbi tu, na joto litakuchosha.

Ukishaingia korongoni, inama. Usitafute fuvu, tafuta kipande chenye ukubwa wa kucha, chenye mng'ao laini kuliko kokoto za jirani. Magamba ya kobe huwa mengi, bapa upande mmoja, na ukingo wake ukiuangalia kwa karibu una vitundu vidogo vidogo vya mfupa. Meno ya mamba huwa meusi na yana mistari. Angalia pia tabaka lenyewe: ndani ya majivu yaliyoganda kuna vipande vyembamba vyeusi vya ulanga vinavyometa kama magamba ya samaki. Vilitoka tumboni mwa mlima ule uliouona kaskazini. Tazama, piga picha, kisha acha kila kitu pale pale kilipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchukua visukuku bila kibali, na hata bila sheria, mfupa uliohamishwa kutoka tabaka lake umepoteza nusu ya habari zake. Ukiona kitu kikubwa, mwambie chifu awajulishe Makumbusho ya Taifa.

Juu ya matabaka hayo ya kale kuna udongo mwingine, mchanga zaidi, wa miaka makumi ya maelfu tu. Humo watafiti wameokota zana za mawe pamoja na mifupa ya wanyama wa nyika tupu, akiwemo Rusingoryx, jamaa wa nyumbu aliyekuwa na uvimbe wenye uwazi juu ya pua. Wanyama wa nyika hawaishi kando ya ziwa kubwa lenye misitu na mafunjo. Ziwa halikuwa lilivyo sasa: lilipungua na kujaa mara nyingi, na takriban miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita lilikauka kabisa. Yaani maji unayoyaona kutoka korongoni, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, ni mgeni wa juzi mbele ya mlima huu. Ukikaa hapo ukalitafakari hilo, Gwassi utaitazama kwa macho mengine.

Jioni nenda ufukweni. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020, na tena 2024, likameza majukwaa na vibanda, kwa hiyo uliza boti zinatia nanga wapi siku hizi. Ofisi ya kamati ya ufuo, ambayo kila mtu huiita BMU, ndiyo ya kuanzia. Utaona omena zimeanikwa juu ya nyavu, na giza likiingia utaona taa za wavuvi zikisambaa majini hadi ng'ambo. Wakati mwingine, hasa mwezi ukiwa mwandamo, utaona nguzo nyeusi zikipaa juu ya maji kwa mbali. Ukiwa mgeni utadhani ni moshi. Hao ni sami, wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa mamilioni siku moja. Hawaumi, ila zima taa na ufunge mdomo. Kula ngege (perege) wa kuchemsha na kuon (ugali) ya mtama, na uombe mboga ya apoth (mrenda) pembeni. Nyumba za kulala wageni za Sori ni za kawaida, safi kiasi, na zinatosha.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ghuba hii. Kabla barabara hazijawa za kutegemewa, Karungu ilikuwa bandari ya kuingilia nchi ya Kisii, na meli za mvuke kutoka Kisumu zilitia nanga hapa. Septemba 1914, vita vilipofika ziwani, meli ya Waingereza Winifred ilikuta boti ya Kijerumani Muansa katika ghuba hii, ikalazimika kurudi nyuma hadi ilipopata msaada. Hakuna mnara wala kibao. Waulize wazee tu.

Siku inayofuata elekea kaskazini, Magunga. Barabara inapanda kwenye ubavu wa Gwassi, na kila inapokata kilima utaona lava nyeusi nzito imelala juu ya majivu yaliyopauka, kisha majivu mengine, kisha lava tena. Simamisha gari kwenye mkato mmoja mzuri uhesabu matabaka. Hapo ndipo utakapoelewa mlima ulivyojengwa. Anayetaka kupanda Gwassi yenyewe aanzie Magunga saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na mwenyeji, lita tatu za maji, na viatu vya kufunika vifundo. Nyasi ni ndefu na moma hulala kwenye njia zenye jua. Ukifika juu utaliona ziwa pande mbili.

Lakini usiiache Gwassi ukadhani umemaliza. Shuka uende upande wa Kaksingri, katikati ya Magunga na Sindo, uulizie Rangwa. Hapa ndipo penyewe. Milima imekaa kwa duara, na katikati yake pana bonde lenye kilima kimoja kilichosimama peke yake. Hilo duara ni kuta za volkano. Kilima ni koo lililoganda. Mawe yake si kama ya Gwassi. Ni ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na kutu, na kemia yake ni ya chokaa. Wanajiolojia huyaita kabonatiti. Kwaruza jiwe kwa kisu upate unga kidogo, udondoshee maji ya ndimu, kisha lisogeze karibu na sikio: linachemka taratibu kama soda. Duniani leo ni volkano moja tu inayotoa lava ya kabonatiti, Ol Doinyo Lengai, kule Tanzania karibu na Ziwa Natron.

Chokaa hiyo ndiyo iliyotunza mifupa ya Karungu. Majivu ya Rangwa yalipotua yaliuzuia udongo usiwe na asidi ya kuyeyusha mfupa, na hayakuchagua: yalifunika mamba, kobe, hata mbegu na majani. Kwa sababu hiyo nakusisitiza uanzie Karungu, uje Rangwa, kisha uende Rusinga, kwa mpangilio huo. Wengi huanzia Rusinga kwa kuwa kuna hoteli, wakaona vipande bila kujua vimetoka wapi.

Kutoka Rangwa unaweza kuingia Bonde la Lambwe, lililolala kati ya mabaki ya volkano na ukuta wa Kanyamwa. Humo ipo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, mahali pekee nchini Kenya ambapo bado yupo korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili. Wamebaki wachache mno, na usipomwona usimlaumu askari. Kati ya Aprili na Septemba huja pia mbayuwayu wa buluu kutoka kusini mwa Afrika. Mbung'o wapo: vaa mikono mirefu ya rangi ya mchanga, uepuke nguo za buluu na nyeusi zinazowavutia. Ada za Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hulipwa kwa eCitizen, basi lipa kabla hujafika langoni ambako mtandao husuasua.

Mbita ni mahali pa kupumzika, kufua nguo, na kutafuta boti. Rusinga umeunganishwa nayo kwa daraja, na boda boda itakuzungusha kisiwa chote kwa siku moja. Nenda kwanza Kasawanga, kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Jengo limefanywa kwa umbo la risasi. Kisha muombe mwongozaji akupeleke Hiwegi kwenye matabaka. Rusinga ndiko Mary Leakey alikopata mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale aliyejulikana kama Proconsul, ambaye siku hizi huitwa Ekembo. Miaka ya karibuni watafiti walifukua humo visiki vya msitu mzima ambamo nyani hao waliishi. Ukiwa umepita Karungu, utayatambua majivu yaleyale, na ulanga uleule unaometa.

Mfangano unataka boti. Ondoka asubuhi. Ziwa huwa limetulia hadi saa tano hivi. Adhuhuri ardhi ikipata joto upepo huanza kuvuma kutoka majini, na alasiri mawimbi huwa si ya kuchezea. Vaa jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijaondoka, na kama halipo, shuka usubiri nyingine. Usikubali maneno ya "ni hapo tu". Ukifika Sena, uliza njia ya Mawanga na Kwitone, kwenye mapango yenye michoro ya duara ndani ya duara na miale, ya rangi nyekundu na nyeupe, inayosemekana kuwa ya Watwa waliotangulia. Abasuba wa kisiwa hiki wana makumbusho yao ya jamii, na wanaona mapango hayo kuwa mahali patakatifu. Wengi waliyatumia kuombea mvua. Fuata wanalokwambia kuhusu kupiga picha, na usiguse rangi wala kuimwagia maji ili ing'ae, kama walivyofanya baadhi ya wageni. Jiwe ambalo juu yake michoro imechorwa ni sehemu ileile ya Kisingiri.

Ukiwa na siku zaidi, ufuate mstari wa volkano kuelekea mashariki kando ya Ghuba ya Winam. Ruri, vilima viwili mwishoni mwa Lambwe, ni kabonatiti pia. Mlima Homa, wenye mita 1,751, ulichelewa kuzima kuliko Kisingiri, na bado una chemchemi za moto miguuni pake. Katika rasi yake, mahali paitwapo Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe za kale mno, za zaidi ya miaka milioni mbili na nusu, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa.

Karibu na Kendu Bay lipo Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi lililo ndani ya kasoko. Unaweza kulizunguka kwa miguu kwa muda usiofika saa mbili. Maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mwani, na heroe huja kuula. Wenyeji husimulia kuwa palikuwa kijiji: bibi kizee alifika usiku wa sherehe akiomba hifadhi, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja, mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi kijiji hakikuwepo. Msikilize anayekusimulia hadi mwisho kabla hujamweleza habari za mlipuko wa volkano. Usiwatimue heroe ili upate picha wakiruka. Wakisumbuliwa mara kwa mara huhama. Maji hayanywiki, na ukingoni matope ni mengi, basi tembea juu ya nyasi. Kutoka Kendu Bay matatu za Kisumu kupitia Katito hupatikana hadi jioni, na za Homa Bay ukitaka kurudi Migori. Siku za soko hujaa mapema, kwa hiyo uwe stendi kabla ya saa tisa.